Pale pa Kunyanyukia

Rahma mwanangu,

Salamu zako za asubuhi ulizitupa kutoka ngazini, na marahaba yangu sidhani kama ilikufikia, maana ulikuwa umeshatoka mlango mkubwa unakwenda Makunduchi kuwaaga jamaa. Mimi nimebaki na nyumba isiyo na pa kukanyaga. Masanduku yako yamelala wazi sebuleni na babaako anayazunguka tangu adhuhuri. Anatia halua, anatoa sweta ili halua iingie, anarudisha sweta, anatoa viatu. Nimemwambia mtoto wako atakufa kwa baridi huku ana halua mkononi. Amenijibu, "Weye kaandike barua yako, sanduku niachie mie."

Basi naandika. Ya sweta, ya dawa, ya kula na kusali kwa wakati, yote hayo atakwambia yeye, na atayarudia kesho uwanja wa ndege mpaka uone haya mbele za watu. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa kooni tangu juzi. Ningelisema kwa mdomo, lakini sisi wawili tukisema kwa mdomo hatufiki popote. Mimi napandisha sauti, wewe unasema "Sawa, mama," na hiyo sawa yako inanitia wazimu kuliko ungenijibu kwa ujeuri. Kwenye karatasi huwezi kunambia sawa. Itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Juzi nilikuwa jikoni nakaanga kachori. Wewe ulikuwa sebuleni na kompyuta yako, unamsikilizisha babaako ule muziki wako wa okestra, ule ule uliopigwa huko Ulaya mwaka jana, ambao sasa umeutengeneza upya ili okestra hiyo hiyo iupige tena utakapofika. Babaako alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza kwa adabu zote. Mimi sikuwa na haja ya kukaa. Muziki ule naujua. Nimelala nao chumba cha pili kwa miezi unauandika, unaufuta, unauandika tena. Najua fidla zinaingia wapi na besi inanguruma wapi. Na najua sehemu ya tatu, pale okestra nzima inaposhuka ikabaki obo peke yake, ambayo mimi naiita zumari iliyosomeshwa, ikapiga ule mvumo wa bibi yako. Mamaangu, Mungu amrehemu, hakuwa mwimbaji. Alikuwa anavumisha tu, mdomo umefungwa, akianika mwani uwani kwake Makunduchi. Hauna maneno, hauna jina. Wewe uliusikia udogoni mwako ukaubeba kichwani miaka yote hiyo bila kutuambia, mpaka ukautia kwenye obo, na siku niliyousikia mara ya kwanza nilikwenda kukaa chooni nikalia.

Baada ya hapo, katika muziki niliokuwa nikiujua, fidla zote zinashikilia sauti moja kwa chini, na obo inaurudia ule mvumo, taratibu zaidi kuliko mara ya kwanza. Basi juzi nikasimama na kijiko cha matundu mkononi, nangoja. Obo ikapiga mara moja. Na kabla mpigaji hajavuta pumzi, matarumbeta yakaingia, ngoma kubwa ikaingia, ikawa vurugu, na sehemu ya tatu ikaisha. Kachori zikaungua.

"Rahma!"

"Naam, mama."

"Pale pako wapi?"

"Wapi, mama?"

"Usinambie wapi. Pale pa bibi yako. Pa mara ya pili."

"Nshapafupisha."

"Nani kakwambia upafupishe? Yule bwana wa kijiti anayewaongoza?"

"Hapana aliyenambia. Mie mwenyewe tu. Palikuwa parefu."

"Palikuwa parefu, au palikuwa ndipo nilipotia aibu mie?"

Babaako akaanza kutazama dari. Wewe ukafunga kompyuta taratibu, ukasema, "Mama, nshawapelekea nota, na wao wameridhia." Nikakuuliza wamesema nini. Ukasema, "Wamesema sawa." Nikarudi jikoni kabla sijasema neno la kujutia, maana naona sasa mmekutana watu wa sawa.

Ngoja nilisimulie lile la mwaka jana kama lilivyokuwa. Wewe umeshalisimulia kwa shangazi zako mara nyingi, wanacheka mpaka wanajifuta machozi, na mimi nakaa pembeni natia chai. Si hadithi ya kuchekesha. Au inachekesha, lakini kuna kitu unakiruka kila mara.

Tulifika ule ukumbi mkubwa nikiwa nimevaa makoti mawili, na msichana wa mlangoni akataka kuninyang'anya yote mawili akayatundike. Tukakaa safu za mbele. Watu wa kule wakimya, subhanallah. Wamejaa ukumbi mzima na husikii hata kiti kulia. Mtu akitaka kukohoa anajizuia mpaka sehemu imalizike, kisha wanakohoa wote kwa pamoja, halafu kimya tena. Kabla ya kuanza, bibi mmoja alipanda jukwaani akakutaja. Wewe ulinitafsiria kwa sauti ya chini: kwamba ni mara yao ya kwanza kupiga muziki ulioandikwa na mwanamke mweusi, kwamba umetoka kisiwa cha karafuu, na kwamba wasikilize vizuri watazisikia karafuu ndani ya muziki. Nilikutazama usoni. Wewe, ambaye karafuu huzili hata kwenye pilau, unazitoa moja moja unazipanga ukingoni mwa sahani! Wewe uliyepelekwa Kizimbani na shule kutazama mashamba ya viungo ukarudi unatapika kwa harufu! Mchana wake mwandishi wa gazeti alikuwa amekuuliza kama karafuu zinakutia hamu ya kutunga, na wewe, mwanangu niliyekusomesha, ulisema ndiyo. Kwa nini ulisema ndiyo? Kulikuwa na hasara gani kumwambia kwamba zinakutia kichefuchefu?

Haya. Muziki ukaanza. Nilikuwa nimejikaza. Sehemu ya kwanza nikajikaza, ya pili nikajikaza. Ya tatu ikaja ile zumari yao, na yule bibi mwembamba aliyeipiga, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, akaupiga mvumo wa mamaangu. Aliupiga sawasawa. Hata ile sauti ya katikati, ambayo kinanda hakina na ambayo ulinambia wapigaji wenzake walilalamika kwamba hawaioni, yeye aliipata, akaikunja kama mamaangu alivyokuwa akiikunja. Kisha fidla zikashika sauti moja chini, zikabaki hapo.

Rahma, wewe umezaliwa klabuni kwetu, kwenye taarabu. Umelelewa chini ya viti vya wapiga fidla, unalala juu ya majoho yetu mpaka shughuli imalizike. Hakuna haja ya kukufundisha kutunza ni nini. Lakini nitaandika, kwa sababu naona umeanza kuiona kama tabia ya mamaako. Kwetu, neno likikuchoma au sauti ikikufika, hungoji nyimbo imalizike ndiyo upige makofi. Unanyanyuka hapo hapo. Unakwenda mdogo mdogo, mguu unafuata mdundo, noti imeinuliwa juu kwa vidole ili watu waione. Unafika, unampa, unarudi. Unamwambia mpigaji: umenifika, endelea. Na wale walio nyuma wanajua kazi yao, wanashikilia sauti moja na kuirudia mpaka wenye kunyanyuka wamalize, hata wakiwa ukumbi mzima. Ndiyo maana nyimbo zetu hazina urefu uliopimwa. Urefu wake ni watu.

Sasa niambie ulichokiandika pale ni nini. Fidla zimeshikilia sauti moja, mpigaji anarudia taratibu. Uliandika pale pa kunyanyukia, kwa mkono wako, kwa nota zao, wazi kabisa. Halafu ukanikatia tiketi, ukanipandisha ndege, ukanikalisha pale mbele, ukataka nisinyanyuke?

Nilinyanyuka. Nilikuwa na noti moja uliyonipa asubuhi ile ninunue chai. Nikaiinua juu, nikatoka kwenye safu, nikashika njia ya katikati, miguu inakwenda yenyewe. Nilikuwa namtazama yule bibi wa obo na yeye aliniona. Macho yalimtoka lakini pumzi haikumkatika. Karibu nifike jukwaani msichana wa mlangoni akanikimbilia, akanishika kiwiko kwa upole, akaninong'oneza. Nikamwonesha noti ili ajue nakwenda wapi. Akanionesha mlango, nadhani alidhani nataka kununua maji. Nikageuka kukutafuta wewe. Ulikuwa umefunika uso kwa viganja.

Basi nikarudi nikakaa. Hiki ndicho kitu unachokiruka kwenye hadithi yako. Shangazi zako wanadhani kisa ni kwamba mama alinyanyuka. Mimi kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilirudi nikakaa na noti mkononi, na yule mama wa watu akamaliza kupiga bila ya kuipata. Sijapata kufanya hivyo katika maisha yangu. Kwetu ukinyanyuka ukarudi njiani unakuwa umemtukana mpigaji mbele ya watu.

Na bado hayajaisha. Baadaye, kule kwenye makoti, bibi yule alitufuata mbio na sanduku la chombo chake kwapani. Akakuuliza jambo, huku ananitazama mimi. Nilielewa nusu. Alitaka kujua ile pesa ilikuwa ya nini. Mimi nilishafungua mdomo niseme ilikuwa yako, mama, ilikuwa yako. Wewe ukanitangulia. Ukazungumza kwa haraka, na mkono wako begani kwangu, na kila baada ya maneno mawili matatu nasikia sori, sori sana. Kiingereza changu hakivuki daraja, Rahma, lakini sori naijua. Ulimtaka radhi kwa ajili yangu. Ulimtaka radhi mtu niliyekuwa nakwenda kumpa heshima, na yeye akatikisa kichwa, akaenda zake bila kujua kwamba aliheshimiwa. Tangu pale mpaka uwanja wa ndege hukusema nami, na mimi nikanyamaza kwa sababu nilidhani hasira zako zitapoa kabla ya Ramadhani. Hazikupoa. Zimeingia kwenye nota.

Nataka nikupe haki yako, maana babaako amenisogelea hapa anasoma juu ya bega langu na anasema sikupi haki yako. Najua kilichokuja baadaye. Najua kuna aliyechukua video kwa simu, na kwamba watu wa kule waliipenda, wakairushiana, mama wa Kiafrika na buibui lake anacheza kwenye ukumbi wa wazungu. Najua gazeti lao lilieleza mwendo wangu na rangi ya mtandio wangu, na muziki likautaja mwishoni, kama mtu aliyekumbuka kufunga mlango. Ulikuwa umeshinda na kukesha na kazi ile, na siku yake ikaliwa na mamaako. Hilo lilikuuma, na lilikuwa na haki ya kukuuma. Nilikuona ukilisoma lile gazeti kwenye simu, nikakuuliza kama unataka chai. Sikulikusudia. Lakini lilikuwa, na nimelibeba.

Lakini dawa yake ni kupafuta? Hapo ndipo unaponikera. Wao hawakujua walichokiona, wakaandika upuuzi. Wewe unajua kilikuwa nini, na badala ya kuwaambia, umepang'oa pahala penyewe ili mtu mwengine asije akanyanyuka tena. Sasa hata yule bibi wa obo umemnyang'anya kurudia kwake.

Na usiniambie muziki unataka kwenda mbele. Maneno hayo nimeyasikia kabla hujazaliwa.

Nilikuwa na umri kama wako klabu yetu ilipoalikwa nje kwa mara ya kwanza. Tulishona nguo mpya, tulifanya mazoezi mpaka vidole vikatoka sugu. Wakati huo tulikuwa na bashrafu moja ya kufungulia shughuli, ndefu, haina kuimba, vyombo tu vinaulizana na kujibizana. Sijui nani aliitunga. Tuliikuta, na waliotufundisha waliikuta. Tulipofika huko wenye tamasha wakatwambia, kwa mkalimani, kwamba watu wao watachoka, tuingie moja kwa moja kwenye kuimba. Kiongozi wetu akageuka kututazama, kila mmoja usoni. Wa kwanza kusema sawa nilikuwa mimi. Nilikuwa na furaha ya kuitwa, nisingebisha hata wangetwambia tupige kwa miguu. Tukaikata ikabaki kichwa na mkia, na watu wakapiga makofi.

Tuliporudi tulidhani tutaipiga nzima kama kawaida. Lakini mikono ilikuwa imeshazoea, na maharusi nao wana haraka zao, tukawa tunaipiga ile fupi. Mzee Abeid, aliyekuwa akipiga ganuni na kuijua bashrafu yote, alisema atatukalisha aturudishie ya katikati baada ya Ramadhani. Kisha ikawa baada ya Idi Kubwa. Kisha tukamzika. Leo nina kichwa cha bashrafu na mkia wake, na katikati sina. Nimejaribu, wallahi. Nashika fidla, naanza, nafika pale, vidole vinasimama. Unakumbuka ulipokuwa unaanza kutunga uliniomba nikupigie ukairekodi? Nilikwambia mkono unaniuma. Mkono haukuwa ukiniuma.

Kwa hivyo ninapokusikia unasema sawa, najua umeitoa wapi. Umeitoa kwangu. Ndiyo maana inanikera hivi, kama kumwona mtu amevaa nguo yako mbovu uliyodhani umeitupa.

Babaako ameniletea chai na kachori zilizobaki, na ananambia nisikuandikie kwa ukali, usije ukapanda ndege unalia. Nimemwambia huyu halii, huyu anasema sawa. Amecheka, amerudi kwenye masanduku yake. Sasa ametoa halua yote ametia ubuyu.

Kuna jambo jengine sijakwambia, na hili si la kukulaumu. Uliniuliza kwa hasira, siku tuliyorudi, "Mama, nini kilikusukuma? Huoni kwamba watu wote wamekaa?" Nikakujibu kwamba sauti ilinifika. Ni kweli, lakini si yote.

Unakumbuka usiku wako wa kwanza kupiga fidla peke yako pale klabuni? Ulikuwa bado sekondari. Nilikusuka nywele mwenyewe, ulitapika mara mbili kabla ya kutoka nyumbani. Ukasimama mbele, ukapiga vizuri kuliko nilivyopiga mimi kwa umri ule. Usiku ule ukumbi ulijaa wageni wa harusi fulani, watu wamekuja kumngoja mwimbaji wao, wanazungumza, wanakula. Ulipofika pale pazuri, sisi nyuma tukashikilia sauti yetu, tukakushikilia, tukakushikilia. Hakuna aliyenyanyuka. Nilikuwa nyuma yako hasa, fidla begani, naona shingo yako na mabega yako. Na mpigaji hanyanyuki akaacha chombo kumtunza mwenziwe, ndivyo tulivyofunzwa. Nikakaa. Kiongozi akaona hapana mtu, akatupa ishara, tukamalizia.

Tulirudi kwa miguu kupitia Mkunazini, wewe umebeba sanduku lako hutaki nikusaidie. Ukaniuliza, "Mama, kwani nilipiga vibaya?"

"Umepiga vizuri."

"Basi mbona hapana aliyenyanyuka?"

Nilikwambia watu walikuwa na njaa. Ulikubali, ukasema sawa, na nadhani ile ndiyo sawa yako ya kwanza niliyoisikia.

Sasa jitie mahali pangu. Mwaka jana, mbele yako, watu mamia na mamia wamekaa kimya, na muziki wako umefika pale pazuri, na wale wapiga fidla wa kigeni wanakushikilia, wanakushikilia, na mimi safari hii sina fidla begani. Nina noti mkononi na njia iko wazi. Ningefanyaje? Nilikuwa nakwenda kwa yule bibi wa obo, ndiyo. Lakini nilikuwa nakwenda kwako pia, kwa mtoto yule wa sekondari, na nimechelewa miaka yote hiyo. Ndiyo maana kurudi kukaa kuliniuma vile. Nilikaa mara mbili.

Haya, nimemaliza kulia, mkono umenichoka kweli safari hii. Nisikilize ninachokitaka.

Paruhusu pale parudi. Umesema mazoezi yao hayajaanza. Nota ulizipeleka kwa kompyuta, utazipeleka tena kwa kompyuta, hakuna anayetakiwa kubeba jiwe. Yule bwana wa kijiti akisema ni parefu, mwambie ndivyo palivyo. Akikuuliza ni pa nini, basi mweleze, kwa maneno yako, usimwambie karafuu. Sitaki uwaambie watu wanyanyuke. Wakikaa, wakae; kwao kukaa kimya ndiyo heshima, hilo nimelijua baadaye. Mimi nataka pahala pawepo tu. Asiyetaka kunyanyuka hajalazimishwa. Lakini ukipafuta, hata anayetaka hana pa kupita, na baada ya miaka kumi utashika kalamu upaandike tena vidole vikusimamie kama vyangu.

Na usinipe mimi ahadi kwa simu ili niridhike. Nakujua. Nitajua muziki utakapopigwa.

Ndani ya bahasha hii kuna noti ile ile. Sikuinunulia chai, wala sikuibadilisha Darajani, ingawa mara nyingi nilikuwa na haja nayo. Imekaa kwenye sanduku la fidla tangu siku ile. Ni ya yule bibi. Akipiga ule mvumo mara ya pili, mpe mkononi mwake, na mwambie imetoka kwa mama wa mtunzi na kwa mama wa mama wa mtunzi, na kwamba sauti ile ya katikati aliipata. Usimwambie sori. Kama pale hukuparudisha, usimpe. Nirudishie noti yangu, nitajua la kufanya.

Nasikia mlango mkubwa unafunguliwa chini, na babaako anahangaika kufunga sanduku kabla hujaona alichokifanya. Nitaitia bahasha hii chini ya sweta, ukiikuta ukiwa huko, basi sweta aliibakisha.

Na mimi nitakuja, ukinialika au usiponialika. Babaako anasema tiketi atapata. Ninachokuomba unikatie kiti cha pembeni, karibu na njia. Ukinitia katikati ya safu nitanyanyuka vile vile, na nitawakanyaga watu wa kule miguu mmoja mmoja mpaka nitoke.

Mamaako,
Zuhura